Jinsi ya Kutengeneza Mkusanyiko wa Vigemu vya Kasi kwa Mtindo wa Zamani

Mwaka 2003 kampuni ya Nintendo ilitoa gemu iitwayo WarioWare, kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine yake ya gemu ya kushika mkononi. Ndani yake mna vigemu zaidi ya 200, na vingi havidumu zaidi ya sekunde chache. Neno linatokea kwenye skrini, unafanya linachosema, unapata au unakosa, na kabla hujapumua kingine kimeshaanza. Una maisha manne. Kadiri unavyosonga mbele, muziki unakaza mwendo na kila kitu kinakaza nao.

Kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza kuunda gemu, sijui mradi unaofundisha mengi kuliko huu kwa muda mfupi. Gemu kubwa ya kuzunguka ulimwengu, yenye hadithi na mapigano, karibu kila mara huachwa njiani, kwa sababu hakuna kinachochezeka mpaka vitu vingi viwe tayari. Kigemu cha sekunde nne unakimaliza jioni moja. Kikiwa kibaya unakiondoa, na vingine vinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Tena unapata nafasi ya kurudia kazi nzima, kuanzia wazo hadi majaribio, mara kumi au zaidi ndani ya mradi mmoja.

Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa sekondari au chuo mwenye kompyuta ya kawaida, ambaye ameshaonja programu kidogo na anajua `if` na fankisheni ni nini. Jambo la kushika kuanzia sasa mpaka mwisho ni hili: mchezaji huona gemu ina kasi pale anapoelewa upesi anachotakiwa kufanya. Asipoelewa, sekunde nne zinageuka kuwa za kubahatisha, na atachoka badala ya kusisimka. Kila uamuzi ulio hapa chini unatumikia uelewa huo wa haraka.

Hatua ya 1: Chagua chombo kinachokubana

Napendekeza TIC-80. Ni programu ya bure, chanzo chake kiko wazi, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux, Mac, Android na hata ndani ya kivinjari. Kompyuta kuukuu ya maabara ya shule inaimudu. Ndani yake mna sehemu ya kuandika msimbo, ya kuchora, ya kupanga ramani, ya kutengeneza sauti na ya kutunga muziki, kwa hiyo huhitaji kupakua kitu kingine chochote. Kuna toleo la kulipia pia, lakini la bure linatosha kwa kazi hii yote.

Ubora wake mkubwa uko kwenye mipaka yake. Skrini ni pikseli 240 kwa 136, rangi ni 16, na sauti zinazoweza kusikika kwa pamoja ni nne. Upana huo wa 240 ndio ule ule wa Game Boy Advance iliyobeba WarioWare. Gemu za zamani zilipata sura yake kutokana na ufinyu wa mashine: Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa na pikseli 160 kwa 144 na vivuli vinne tu, basi wachoraji wakalazimika kuchora maumbo yanayotambulika kwa kutupia jicho mara moja. Wewe pia unahitaji maumbo ya namna hiyo. Ukitumia injini kubwa ya kisasa kisha ukaiga uzamani kwa picha zenye pikseli kubwa, utajikuta unavunja mipaka kila siku, kwa kuwa hakuna kinachokuzuia.

Fungua TIC-80, andika `new lua` (Lua ndiyo lugha ya programu tutakayotumia), kisha bonyeza Esc kuingia kwenye uwanja wa msimbo. F1 ni msimbo, F2 ni michoro, F4 ni sauti, F5 ni muziki. Ctrl+R huendesha gemu, Ctrl+S huhifadhi. Hiyo Ctrl+S ifanye mazoea ya vidole, maana umeme hautoi taarifa kabla ya kukatika.

Hatua ya 2: Andika amri kwenye daftari

Usianze na msimbo. Chukua daftari uandike vitenzi, kila kimoja kwa herufi kubwa na alama ya mshangao, kama kitakavyoonekana kwenye skrini. Pembeni ya kila kitenzi andika vitu vitatu: mchezaji anaona nini, anabonyeza nini, na anashindwaje. Wazo lisiloenea kwenye mistari hiyo mitatu ni kubwa mno kwa kigemu.

Mawazo usiyatafute mbali. Michezo ya watoto wa mitaani kwetu tayari ni mifupi, ina kanuni zinazoeleweka kwa kutazama, na wachezaji wako wanaijua tangu utotoni. Hii hapa orodha ninayoweza kuanza nayo:

RUKA! Mtoto yuko katikati ya kamba inayozungushwa. Kitufe kimoja. Kamba ikimkuta chini, amekosa.

KWEPA! Rede. Mpira unarushwa kutoka kushoto au kulia, mchezaji anainama au anasogea. Ukimgusa, ametoka.

DAKA! Mdako. Jiwe limerushwa juu, linashuka, na mkono unasogea kulifuata chini yake. Likianguka chini, amekosa.

LENGA! Gololi. Mshale unayumba huku na huko, unabonyeza ukiwa umeelekea kwenye gololi ya mwenzako.

GEUZA! Chapati iko kwenye kikaango, rangi inabadilika. Ukiwahi ni mbichi, ukichelewa imeungua.

PEPEA! Jiko la mkaa linataka kuzimika. Unabonyeza kitufe harakaharaka mpaka moto ukolee.

CHENJI! Abiria ametoa noti ya 2,000, nauli ni 600. Majibu matatu yako mbele yako, chagua moja.

TULIA! Mama ana ndoo ya maji kichwani. Ndoo inaegemea upande, unairudisha kwa mishale bila kupitiliza.

Tazama kwamba kila kimoja kinadai uwezo tofauti. RUKA na GEUZA ni za kubonyeza kwa wakati, PEPEA ni nguvu ya kidole, CHENJI ni akili, TULIA ni utulivu wa mkono. Utofauti huu ndio unaomfanya mchezaji ashtuke kila kigemu kinapoingia. Mikusanyiko mingi ya wanafunzi huwa na vigemu kumi ambavyo vyote ni vya kukwepa, vimebadilishwa picha tu, na mchezaji anagundua hilo mapema sana.

Kuna mgawanyo mwingine unaopaswa kuujua kabla ya kuandika msimbo. Vigemu vingine mchezaji anaanza akiwa mshindi, kazi yake ni kutopoteza mpaka muda uishe: RUKA, KWEPA, TULIA. Vingine anaanza akiwa ameshindwa, na lazima afanye kitu kabla muda haujaisha: LENGA, GEUZA, PEPEA, CHENJI. DAKA inaweza kwenda upande wowote kutegemea utakavyoipanga. Weka alama pembeni ya kila wazo, na uwe na vya pande zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana.

Vidhibiti viwe mishale minne na kitufe kimoja, basi. Ukiongeza cha pili, mchezaji atatumia nusu sekunde kujiuliza abonyeze kipi, na hiyo nusu sekunde hana. Kwenye simu pia, TIC-80 huweka vitufe juu ya skrini ya kugusa, ambapo kidole hakisikii ukingo wa kitufe, kwa hiyo miondoko ya mshazari ya haraka huleta shida. Iepuke.

Lenga vigemu 12. Vinatosha mtu asivikariri upesi, na unavimudu ndani ya muhula mmoja pamoja na masomo mengine.

Hatua ya 3: Jenga fremu kabla ya vigemu

Hapa ndipo mradi unaposimama au kuanguka. Usiandike RUKA kama gemu inayojitegemea, kisha GEUZA nyingine, ukitumaini kuziunganisha baadaye. Anza na fremu moja inayoweza kupokea kigemu chochote, mradi kigemu hicho kina neno lake, muda wake, na fankisheni tatu: ya kuanza, ya kuendesha na ya kuchora.

```lua
-- title: Chapuchapu
-- script: lua
-- saveid: chapuchapu

hali="kichwa"
michezo={}
math.randomseed(tstamp())

function changanya(t)
 for i=#t,2,-1 do
  local j=math.random(i)
  t[i],t[j]=t[j],t[i]
 end
end

function katikati(neno,y,rangi)
 local upana=print(neno,0,-40,rangi,false,3)
 print(neno,(240-upana)/2,y,rangi,false,3)
end

function anzaUpya()
 maisha=4 alama=0 kasi=1 nafasi=0
 changanya(michezo)
 kinachofuata()
end

function kinachofuata()
 nafasi=nafasi+1
 if nafasi>#michezo then
  changanya(michezo)
  nafasi=1
  kasi=math.min(kasi+0.15,1.6)
 end
 m=michezo[nafasi]
 m.anza(m)
 bado=m.muda
 saa=50
 hali="amri"
end

function amua()
 if m.ushindi then
  alama=alama+1
  sfx(0)
 else
  maisha=maisha-1
  sfx(1)
 end
 saa=40
 hali="matokeo"
end

function TIC()
 cls(0)
 if hali=="kichwa" then
  katikati("CHAPUCHAPU",50,4)
  if btnp(4) then anzaUpya() end
 elseif hali=="amri" then
  m.chora(m)
  katikati(m.neno,50,12)
  saa=saa-1
  if saa<=0 then hali="mchezo" end
 elseif hali=="mchezo" then
  bado=bado-kasi
  m.endesha(m)
  m.chora(m)
  rect(0,132,240*bado/m.muda,4,4)
  if bado<=0 then amua() end
 elseif hali=="matokeo" then
  katikati(m.ushindi and "SAFI!" or "AAH!",40,12)
  print("Maisha "..maisha.."   Alama "..alama,70,90,12)
  saa=saa-1
  if saa<=0 then
   if maisha>0 then kinachofuata()
   else hali="kichwa" end
  end
 end
end
```

TIC-80 huita fankisheni ya `TIC` mara 60 kwa sekunde. Kile kitufe chetu kimoja ni `btnp(4)`, yaani Z kwenye kibodi. Kila inapoitwa, gemu inajiuliza iko katika hali gani kati ya nne: kichwa, amri, mchezo au matokeo. Hakuna hali ya tano, na ukijikuta unaiongeza jiulize mara mbili.

Angalia hali ya amri. Neno linaandikwa juu ya mandhari ya kigemu chenyewe, iliyosimama bila kusogea. Mchezaji anasoma RUKA! huku tayari anamwona mtoto na kamba, na saa inapoanza ameshajua macho yake yakae wapi. Wengi huweka neno kwenye skrini nyeusi kisha wanaleta mandhari ghafla, hapo mchezaji anaanza kusoma picha wakati muda wake unaliwa.

Fankisheni ya `changanya` inapanga vigemu upya kama karata, halafu unavitoa kimoja kimoja mpaka viishe. Hii ni bora kuliko kuchagua kwa bahati nasibu kila mara, kwa sababu bahati nasibu tupu itakuletea PEPEA mara tatu mfululizo na kumnyima mtu CHENJI kwa dakika nzima. Mstari wa `math.randomseed(tstamp())` unahakikisha mpangilio unabadilika kila gemu inapowashwa.

Hatua ya 4: Kigemu cha kwanza, kwa maboksi matupu

Usichore kitu bado. Mtoto awe mstatili, kamba iwe mistari miwili.

```lua
table.insert(michezo,{
 neno="RUKA!",
 muda=240,
 anza=function(m)
  m.y=100 m.vy=0 m.kamba=0.1
  m.ushindi=true
 end,
 endesha=function(m)
  if btnp(4) and m.y>=100 then m.vy=-2.6 end
  m.vy=m.vy+0.15*kasi
  m.y=math.min(100,m.y+m.vy*kasi)
  m.kamba=m.kamba+0.02*kasi
  if m.kamba>=1 then
   m.kamba=m.kamba-1
   if m.y>92 then m.ushindi=false end
  end
 end,
 chora=function(m)
  cls(10)
  rect(0,108,240,28,3)
  rect(116,m.y-8,8,16,m.ushindi and 12 or 2)
  local k=64+44*math.cos(m.kamba*6.283)
  line(80,64,120,k,0)
  line(120,k,160,64,0)
 end
})
```

Ukiendesha hii kwa kasi ya 1, kamba inapita chini mara nne ndani ya sekunde nne. Mchezaji akinaswa, mtoto anageuka mwekundu papo hapo, lakini saa inaendelea mpaka mwisho. Nimeacha hivyo kwa makusudi. Ukikatisha kigemu mara tu mchezaji anapokosa, mdundo wa gemu nzima unavunjika, na mdundo ndio unaomvuta mtu kurudi. Anachotakiwa ni kujua mara moja kwamba amekosa na kwa nini, kisha apumue kidogo kabla ya kinachofuata.

Huruma pia imo kwenye namba. Sharti linasema `m.y>92`, yaani mtoto akiwa amepanda pikseli nane tu, kamba inapita salama. Kwenye gemu za kasi, mchezaji apendelewe kidogo kuliko macho yanavyoonyesha. Mtu akipita chupuchupu anajisikia hodari. Akikamatwa na kitu alichoamini amekikwepa, anaona ameonewa, na anafunga gemu.

Ongeza kigemu cha pili, cha aina ile nyingine ya kuanza ukiwa umeshindwa, GEUZA kwa mfano. Fremu ikivibeba hivi viwili bila kubadilishwa, itavibeba vyote 12. Ikidai kubadilishwa, ibadilishe sasa.

Hatua ya 5: Kasi

Rudi uangalie RUKA: kila kinachosogea kimezidishwa na `kasi`. Mvutano wa ardhi, mwendo wa mtoto, mzunguko wa kamba, na kwenye fremu hata muda wenyewe. Kwa hiyo kasi ikifika 1.5, kamba bado inapita mara nne, na mruko bado unachukua sehemu ile ile ya mzunguko wa kamba. Kigemu ni kile kile, ila kimebanwa kwenye sekunde mbili na nusu na ushee. Ukisahau kuzidisha kitu kimoja tu, tuseme mvutano, kigemu kitakuwa rahisi au hakiwezekani kabisa kadiri mchezaji anavyosonga, na utahangaika kutafuta sababu. Kila unapomaliza kigemu, weka `kasi=1.6` kwenye `anzaUpya` kwa muda na ujaribu kama mchezaji bado anaweza kushinda.

Dari nimeiweka 1.6. Mtu anahitaji kama robo sekunde kuitikia kitu anachokitarajia, na zaidi ya hapo kama inabidi achague, kwa hiyo kwenye CHENJI ukivuka hapo unapima bahati. Muda wa kuonyesha amri, fremu 50 (hapa fremu ni mwito mmoja wa `TIC`, yaani sehemu ya 60 ya sekunde), sijaupunguza hata kidogo. Kusoma neno na kulielewa hakuongezeki kasi kwa sababu muziki umeongezeka.

Habari moja ya zamani inafaa hapa. Tomohiro Nishikado wa Taito alipounda Space Invaders mwaka 1978, mashine yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba wavamizi 55 waliisumbua kuwachora. Kadiri mchezaji alivyowaua, mashine ilibaki na wachache wa kuchora, na wale waliobaki wakawa wanakimbia. Nishikado akaiacha tabia hiyo ibaki, na vita ikawa inakazana yenyewe mpaka mvamizi wa mwisho. Kuna la kuiga: ugumu uongezeke kwa kitu ambacho mchezaji anakiona na kukihisi mwilini, kama mwendo. Kupunguza kwa siri ukubwa wa shabaha au kuongeza kanuni mpya katikati ni ugumu asioweza kuuona ukija.

Hatua ya 6: Picha

Sasa chora. Mhusika awe pikseli 16 kwa 16, yaani vigae vinne vya 8 kwa 8, na kitu cha muhimu kwenye kila kigemu kiwe na rangi inayong'aa kuliko vyote. Mandhari yatulie: rangi mbili au tatu za kufifia. Kwenye paleti ya kawaida ya TIC-80, namba 12 ni nyeupe, 4 ni manjano, 2 ni nyekundu, 8 ni buluu iliyokolea, 15 ni ya kijivujivu chenye giza. Ukiamua kwamba nyekundu ni hatari na manjano ni kitu cha kuchukua, shikilia uamuzi huo kwenye vigemu vyote 12 bila kuyumba, kwa sababu mchezaji atajifunza lugha hiyo kwenye vigemu vitatu vya kwanza na kuitegemea. Usitofautishe vitu kwa rangi peke yake, hata hivyo. Kuna wasioona tofauti ya nyekundu na kijani, kwa hiyo chapati iliyoungua itoe na moshi.

Skrini kumwekamweka ni jambo la hatari halisi. Desemba 1997 nchini Japani mamia ya watazamaji, wengi wao watoto, walipelekwa hospitalini baada ya katuni ya televisheni kuonyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa kasi. Kanuni inayotumika ni kutozidisha miweko mitatu kwa sekunde, na ukitaka kuonyesha mshtuko, tikisa picha pikseli mbili tatu badala ya kuiwasha na kuizima.

Hatua ya 7: Sauti

Tengeneza sauti mbili kwanza, ya kupata na ya kukosa, na zitofautike hata kwa mtu aliyefumba macho: moja ipande, nyingine ishuke. Kisha tunga kipande kifupi cha muziki kwa ajili ya vigemu.

Kwenye TIC-80, tempo ya 150 na spidi ya 6 ndizo namba za kuanzia, na kwa hizo kila safu ya muziki inachukua fremu 6. Safu 40 basi ni fremu 240, sawasawa na muda wa kigemu. Tunga kipande cha safu 40 ambacho noti zake za mwisho zinaashiria kufunga, na mchezaji atajua muda unaisha bila kutazama mstari wa chini. Hali ya mchezo inapoanza, piga hivi:

```lua
music(0,-1,-1,false,false,math.floor(150*kasi))
```

Kwa kasi ya 1.6 tempo inakuwa 240, na kipande kinaisha pamoja na kigemu. Kwenye `amua` weka `music()` kuuzima. Noti chache zinatosha, besi na ngoma. Hii ndiyo sehemu ninayoona wanafunzi wakiiacha mpaka usiku wa mwisho, na inasikitisha, kwa sababu gemu ile ile iliyopigwa bila muziki na ikapigwa na muziki unaofuata mwendo ni kama si gemu moja.

Hatua ya 8: Jaribu kwa watu, nawe unyamaze

Mpe mtu kompyuta au simu, mwambie "cheza", kisha kaa kimya. Usimwelekeze. Usicheke anapokosea. Andika kila anapouliza "nifanyeje hapa?", kwa sababu hapo amri au picha imeshindwa kazi yake. Mjaribishe asiyecheza gemu kabisa, mtoto wa darasa la nne, na rafiki yako mzoefu wa vibanda vya gemu. Jaribu pia nje, juani, kwenye simu yenye mwanga mdogo, uone kama chapati mbichi na iliyoiva bado zinatofautika.

Macho yako yatakudanganya kuhusu kigemu kipi ni kigumu, basi iachie gemu ihesabu. TIC-80 ina kumbukumbu ya kudumu inayoitwa `pmem`, yenye nafasi 256. Kipe kila kigemu namba yake, `namba=1`, `namba=2` na kuendelea, kisha kwenye `amua`, pale mchezaji anapopoteza maisha, ongeza:

```lua
pmem(m.namba,pmem(m.namba)+1)
```

Nafasi ya 0 ibakie kwa alama za juu. Ule mstari wa `saveid` kule mwanzo ndio unaofanya hesabu hizi zibaki hata ukibadilisha msimbo. Baada ya watu kadhaa kucheza, zisome. Kigemu chenye makosa mara tatu ya vingine kina tatizo la kueleweka, mara nyingi, kabla ya kuwa na tatizo la ugumu: badilisha neno, kikuze kitu muhimu, sogeza shabaha karibu na katikati. Kisichokosewa na yeyote kinahitaji kubanwa. Na kile ambacho watu wanakipita bila kusema lolote, bila kelele wala tabasamu, kitoe, hata kama ndicho ulichokihangaikia zaidi.

Hatua ya 9: Kabidhi

Kwenye sehemu ya amri ya TIC-80, ukiwa na intaneti, andika `export html chapuchapu`. Utapata faili la zip linalochezeka ndani ya kivinjari. Unaweza kulipandisha itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, bila malipo, ukichagua aina ya HTML na kuweka ukubwa wa 720 kwa 408, ambao ni skrini ya TIC-80 mara tatu kamili, ili pikseli zisivurugike.

Kwa mwalimu, ambatisha kurasa za daftari lako la amri, pamoja na vitenzi ulivyovikata, na jedwali la makosa ya kila kigemu kabla na baada ya kukirekebisha. Hayo yanaonyesha kazi ya uundaji kuliko msimbo peke yake. Ukionyesha mbele ya darasa, usieleze kanuni. Mwite mwanafunzi mmoja acheze, wengine watazame.

Faili la `.tic` ni dogo sana na linapita kwa WhatsApp bila kula bando, kwa hiyo wapelekee wenzako hilo pia. Ndani yake mna msimbo wote, michoro na muziki: mwenye hamu atalifungua kwenye TIC-80 yake, abonyeze Esc, na kuongeza kigemu chake mwenyewe kwenye jedwali la `michezo`.